Sarafu Iliyotobolewa Endarasha

Sarafu ambayo huwezi kununulia chumvi ni sawa na ng'ombe aliyechorwa ukutani: anapendeza, lakini maziwa hakuna. Hayo niliyasema siku ile ile tulipopewa, na niliyasema kwa sauti, maana mimi kunong'ona sikufundishwa. Wenzangu wakanifinya ninyamaze, wakubwa wasije wakasikia.

Tulikuwa kikundi cha akina mama cha ngoma, kutoka vilima vya juu ya Ruring'u. Ilikuwa miaka ya sabini, wakati kila sikukuu ya taifa ilitaka wanawake wa kuimba, na sisi tuliimba uwanjani mpaka tukawa tunatafuna vumbi. Siku hiyo tulipomaliza, ofisa mmoja aliyevaa tai alishuka jukwaani akampa mwenyekiti wetu kisanduku cha buluu, kidogo kama cha pete. Ndani, juu ya kitambaa laini, sarafu moja. Moja tu, na sisi tulikuwa wanawake wa kujaza lori.

Ofisa akatueleza. Hii si pesa ya soko, ni ya ukumbusho. Imepigwa ili watu wasisahau mali ya nchi yao, yaani wanyama, mlima na mambo ya wazee. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha mkubwa wa nchi. Upande wa pili walikuwa wamebana nchi nzima: mlima na theluji yake, ndovu chini ya mlima, na pembeni kigoda cha miguu mitatu na kibuyu. Nilipofikiwa na zamu ya kuishika, sikutazama kigoda wala ndovu. Nilitazama mlima.

Mimi niliolewa Nyeri, lakini nilizaliwa ng'ambo ya mlima, kule Chuka. Na mlima wa sarafu ile ulikuwa umekaa vile ulivyokaa asubuhi ukitoka nje ya mlango wa mama yangu.

"Huu mlima ni wa kwetu," nikasema.

Wanawake wakacheka. Mwenyekiti, mwanamke mnene mwenye mapengo, akasema, "Ati wa kwenu! Wewe, kule kwenu mlima unaonyesha watu matako. Uso uko huku."

"Basi aliyechora alikuwa amesimama kwa matako," nikamwambia, na wakacheka tena. Lakini kicheko kile kilikuwa na mwiba. Nilikuwa nimekaa Nyeri miaka ya kutosha kuzaa wavulana wanne, na bado nikikosea wimbo kidogo, ilikuwa ni yule mtu wa ng'ambo amekosea. Mwingine akikosea, ni koo lilikuwa kavu.

Tukakubaliana sarafu itakaa kwa kila mama kwa zamu, kutoka mkutano mmoja mpaka mwingine, na makabidhiano yafanyike nyumbani kwa yule aliyeitunza, wote wakiona. Zamu yangu ilipofika, mwenyekiti alinipa kisanduku mbele ya watu akasema, "Hii ni jina la kikundi. Ikipotea kwako, tutajua ni nani tuliyemwamini." Hakusema maneno kama hayo kwa wale walionitangulia. Niliyasikia, nikayameza.

Tangu siku hiyo nikakosa pa kukaa. Niliifunga sarafu na kisanduku chake katika gunia la mahindi, nikaenda kuchuma kahawa, na kabla kikapu hakijafika nusu nikawa nimerudi kuangalia. Nikaitoa kwenye gunia kwa sababu ya panya, nikaiweka kwenye mkebe wa mafuta. Nikaona mkebe ndipo mahali pa kwanza mwizi atakapofungua, nikaichimbia chini ya kiota cha kuku. Kuku akakasirika akahama na mayai yake. Watoto wangu waliniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikawaambia natafuta adabu yao.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi ya jikoni Kiganjo, kwa polisi wanaofunzwa, na nyumbani alikuja mara chache. Kwa hiyo bomani nilikuwa mimi, watoto, na mama mkwe wangu katika nyumba yake ndogo ya mbele. Mama mkwe huyu alikuwa ndiye sauti ya kikundi. Miguu ilikuwa imekataa, hakuenda tena uwanjani, na macho yalikuwa na ukungu, lakini wimbo ukianzishwa na yeye hata mbwa walikuwa wanatulia. Hakuna aliyethubutu kumkosea.

Nikafikiri: ni mwizi gani ataingia nyumba ya bibi mzee? Ataiba nini, moshi? Alipokuwa ameota jua nje, niliingia, nikaitoa sarafu kwenye kisanduku kwa sababu kisanduku kilikuwa kinaonekana, nikaitumbukiza chini kabisa ya kiondo chake cha zamani, kikapu cha kusokotwa kilichoning'inia ukutani, kile alichokuwa hakishiki tena. Sikumwambia. Mama mkwe alikuwa mtu mwema, lakini kumpa siri ni kuteka maji kwa kiondo. Angemwita kila mpita njia aje aone. Hata leo ningefanya vivyo hivyo.

Jumamosi hiyo mume wangu akaja kutoka Kiganjo, akaketi kwa mama yake jioni, wakanywa uji, Jumapili akarudi kazini. Na siku zilezile tukapata habari kwamba mke wa shemeji yangu, yule mdogo wa mume wangu aliyepata shamba Endarasha, amejifungua mtoto wa kike.

Hapa lazima nieleze, maana wajukuu wa siku hizi hawajui. Kwa watu wetu msichana wa kwanza anachukua jina la mama ya baba yake, na si jina tu. Anakuwa ni yeye, amerudi. Mama mkwe alikuwa na wana wawili. Mimi kwa mkubwa nilikuwa nimemzalia wavulana tupu. Kwa hiyo alikuwa amengoja kuzaliwa kwake mpaka nywele zikaisha, na sasa amezaliwa, tena si kwangu. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alipata lori la kurudi juu kubeba viazi, akapandishwa mbele kama mke wa chifu, akiwa na kibuyu cha uji, na kile kiondo cha ukutani begani.

Mimi nilikuwa kwenye kiwanda cha kahawa. Niliporudi nikaona ukuta mtupu pale kiondo kilipokuwa.

Alirudi baada ya siku chache akiwa amenenepa kwa furaha. Sikumwacha hata akae.

"Mama, ndani ya kiondo kulikuwa na kitu?"

"Kulikuwa na kitu!" akasema. "Mwanangu aliniwekea pesa. Kubwa, inang'aa, sijawahi kushika kama hiyo. Ulijua? Alikaa hapa akinywa uji kama hana neno, kumbe ameniwekea. Hivyo ndivyo alivyokuwa baba yake. Anakupa bila kusema."

"Na iko wapi?"

"Nimempa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mimi! Mimi mdogo! Nilipomshika nikamwekea mkononi, akaifunga na vidole, akakataa kuachilia. Ni mimi nimezaliwa, nijipe senti nyeusi?"

Watu wetu hawaendi kumwona mtoto mchanga mkono mtupu. Unamwekea pesa kwenye kiganja, na kilichofungwa na kiganja hicho hakirudi. Kumnyang'anya mtoto zawadi yake ya kwanza ni kuuambia ulimwengu umfanyie vivyo hivyo. Mama mkwe hakukosea desturi hata kidogo. Alikosea pesa tu.

Nilifungua mdomo nimwambie, nikamtazama. Alikuwa amejishika kifua pale, anacheka peke yake, anarudia, "Anakupa bila kusema." Nikafunga mdomo. Nikasema naenda kuona mtoto na mimi.

Endarasha ni mbali na ni baridi. Upepo wa Nyandarua unakuja bila salamu, unaingia hata kwenye mifupa ya mtu ambaye bado ana nyama. Nilipanda lori mpaka Mweiga, kutoka hapo nikatumia miguu, na miguu ilikuwa inakimbia bila kuambiwa. Njiani nikapita shamba la kabichi lililokanyagwa lote, na mwanamke mmoja amesimama katikati ameshika kiuno. Nikamuuliza ni ng'ombe wa nani.

"Ng'ombe gani? Ndovu," akasema. "Walishuka kutoka msituni. Hata moja hawakuacha."

Nikamkumbuka ndovu wa sarafu, amesimama chini ya mlima kwa heshima na masikio yake, mali ya nchi. Aliyemchora hakuwahi kupanda kabichi.

Kwa shemeji walinipokea vizuri. Mke wake alikuwa kijana, mweupe, ametoka kitandani kama malkia. Alinipa mtoto. Nikamfungua blanketi nimtazame, na pale shingoni, kwenye uzi mwekundu, ikawa inaning'inia sarafu ya kikundi. Na juu ya kichwa cha mkubwa, katika nywele, tundu.

Nikauliza, "Nani ametoboa?"

Shemeji akajibu kwa majivuno. "Ni mimi. Na msumari. Ni ngumu hiyo chuma, nilipiga asubuhi yote, nikavunja hata nyundo. Si mama alivaa senti za tundu akiwa mdogo? Hii walisahau kuitoboa huko wanakotengeneza."

Unaweza kumgombeza mtu kama huyo? Senti za wakati wa mkoloni zilikuwa na tundu katikati, na mama zetu walizitunga kwenye uzi wakazivaa. Yeye aliona pesa nzuri imekuja bila tundu, akaisaidia. Nikawaeleza ni ya nani. Shemeji akashika kichwa. Mke wake hakushika kitu.

"Mama wavulana," akaniita hivyo, na alijua anachofanya, "pole sana. Lakini ilishikwa na mkono wa mtoto. Wewe unaweza kuitoa? Toa basi. Mimi sitaangalia."

Akageuza uso. Mtoto alikuwa ananitazama. Nyuso za wachanga zinafanana, mtaniambia, lakini yule alikuwa mama mkwe mtupu, hata ile ya kukunja paji la uso kabla ya kuimba. Mkono wangu ulifika kwenye uzi ukarudi.

"Naiomba kwa njia gani?" nikauliza.

"Kitu cha mtoto kinabadilishwa na kitu kinachozaa," akasema. "Ndivyo nilivyosikia kwa mama yangu. Na si kuku."

Nilikuwa na kondoo jike mmoja. Nilipewa na mama yangu mzazi nilipokwenda kumwonyesha mtoto wangu wa kwanza, na nilimvusha mlima wote kutoka Chuka, mara nyingine nikimbeba. Katika boma lile la Nyeri ndiye alikuwa kitu pekee nilichotoka nacho kwetu, mbali na ulimi. Nilirudi nyumbani, nikamfunga kamba, nikampeleka Endarasha. Hatukuzungumza njiani, yeye na mimi. Mama mkwe aliuliza kondoo anakwenda wapi, nikamwambia ni zawadi ya mtoto. Akanibariki kwa kunitemea mate kifuani, akasema hakujua kwamba nina moyo mkubwa hivyo. Nikaona aibu, maana moyo ulikuwa mdogo kama punje ya mtama.

Basi sarafu nikawa nayo, na tundu lake. Nilijaribu kulijaza na risasi iliyoyeyushwa ya fundi wa sufuria, ikatoka. Siku ya mkutano ikafika.

Wanawake walijaa bomani kwangu, wakaketi kwenye nyasi. Mama mkwe akaletewa kiti chake juani, maana mkutano ulikuwa nyumbani kwake na bila yeye hatungeimba. Nilikuwa nimejipanga maneno tangu alfajiri, nikayavunja, nikayapanga tena. Nikisema ukweli, ni mama mkwe amegawa mali ya watu. Ni kumvua nguo sokoni, yeye ambaye kikundi kizima kilikuwa kinasimama juu ya sauti yake. Na ule ukweli ulikuwa na mkia: atajua kwamba mwanawe hakumwekea kitu. Nisiposema, ni mimi mtu wa ng'ambo, waliyeambiwa wamtazame.

Mwenyekiti akafungua kisanduku. Akaitoa sarafu. Akaigeuza kwenye mwanga, na jua likapita tunduni.

"Ni nini hii?" akasema. "Nani ametoboa mkubwa kichwa?"

Hata wale wenye kikohozi walikiahirisha.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe! Na ulitaka kuifanya nini?"

"Nilitaka kuivaa."

Wakaachilia midomo yote kwa pamoja. Mmoja akasema si alidai ni mlima wao, sasa ametaka kuutundika. Mwingine akasema msimpe mgeni ufunguo wa ghala. Mwenyekiti akasema nitalipa faini ya uji na viazi vitamu vya kikundi kizima, na kutunza kitu cha kikundi nisitunze tena, na kama sitaki, njia ya kwetu naijua. Nilisimama katikati nikiwa nimejikaza kama mti wa uzio. Nikafikiri, wacha wamalize. Maneno hayavunji mguu.

"Nipeni nishike," mama mkwe akasema.

Hakuna aliyemsikia mara ya kwanza. Akarudia kwa ile sauti ya kuanzisha wimbo, na wote wakanyamaza. Mwenyekiti akamwekea sarafu mkononi. Mama mkwe akaipapasa ukingo, akapapasa mlima, akaweka ncha ya kidole kwenye tundu. Vidole vyake viliona vizuri kuliko macho.

"Hii ni yangu," akasema polepole. "Hii ni ile niliyompa mtoto."

"Mama..." nikaanza.

"Nyamaza wewe. Ilikuwa kwenye kiondo changu. Nikaichukua nikaipeleka Endarasha. Huyu hajatoboa kitu. Angetoboa saa ngapi? Huyu hata sindano inamshinda." Akamgeukia mwenyekiti. "Na wewe, ukisema njia ya kwao anaijua, na mimi naijua ya kwenu. Huko kwenu Gathuthi ulikotoka, mama yako hakuwa na mbuzi."

Wanawake walicheka, wengine kwa hofu. Mwenyekiti akatafuta maneno, akapata moja tu, akasema, "Basi." Faini hata hivyo nililipa, kwa sababu zamu ilikuwa yangu, na uji ule niliupika mzito ili wasipate la kusema. Ile sarafu wakaamua ivaliwe na anayeanzisha wimbo, maana tundu lilikuwa limeshakuwepo na kisanduku hakichezi ngoma. Mama mkwe aliikataa. Alisema shingo yake imechoka, wampe mwingine.

Walipoondoka alibaki pale kwenye kiti ingawa jua lilikuwa limeshahama. Nilikuja kumwinua. Hakuinuka.

"Kwa hiyo mwanangu hakuniwekea kitu," akasema.

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshadanganya siku hiyo mara moja, na haikuwa vigumu. Lakini alikuwa amenitetea mbele ya watu kwa kujivua mwenyewe, na mtu kama huyo humpi uongo.

"Hakukuwekea, mama."

"Ni wewe uliweka."

"Ni mimi. Lakini haikuwa yako. Nilikuwa naificha."

Akatikisa kichwa kwa muda. Upepo ulikuwa unampeperusha leso, hakuishika. Nilisimama nikihama mguu mmoja hadi mwingine, nikitaka aniambie nimekosa, au nimefanya vyema, chochote, ili niende nikakame ng'ombe.

"Na yule kondoo," akasema, "si ndiye ulipewa kwenu?"

"Ndiye."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza vizuri."

Akacheka kidogo, kwa pua. Halafu akaninyooshea mkono nimwinue, na alipokuwa amesimama akiniegemea na uzito wake wote, akasema, "Kiondo nimekirudisha ukutani. Siku moja weka kitu, na kiwe changu."

Tulipolipwa kahawa, niliingia nyumbani mwake akiwa ndani, akinitazama na ukungu wake, nikaweka shilingi. Ya kawaida, iliyopita mikono ya watu. Nikaiangusha kwa nguvu ili aisikie ikifika chini.